Kanuni ya Bwana Muslim

Bwana Muslim bin Khattab alistaafu akiwa mkuu wa itifaki katika wizara moja hapa Maskati. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuamua nani akae kiti kipi, na alipostaafu hakuiacha kazi hiyo, aliihamishia kwetu. Harusini aliwapanga wageni wasiokuwa wake. Msibani alimwambia mfiwa asimame upande gani wa mlango. Hayo tulimsamehe, maana kila ukoo una mtu wa namna hiyo. Kilichotushinda ni habari ya kanuni.

Kanuni, kwa asiyeijua, ni kile kinanda bapa cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, kikapigwa kwa vidole vilivyovishwa pete zenye ncha. Taarabu ya kizamani bila kanuni ni pilau bila bizari. Bwana Muslim alikuwa na babu yake huko Unguja, na kwa maelezo yake, babu huyo alikuwa mpiga kanuni ambaye hajatokea wa kufanana naye. Alipiga mpaka ndege wakatua dirishani. Alipiga mpaka bibi harusi akasahau kulia. Kila kisa kikihadithiwa kilinenepa: mwanzo babu alipiga kwenye harusi ya jirani, baadaye harusi ikawa ya tajiri wa karafuu, mwishowe watu wakawa wanakuja kwa meli kutoka Mombasa kumsikiliza.

Na kwa kuwa yeye ni mjukuu wa mtu huyo, Bwana Muslim alijiona ana haki ya kukosoa. Wanamuziki wakija harusini, yeye husogea mpaka mbele, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi mpaka inakata, kafumba macho, na kila baada ya muda anakunja uso kama mtu aliyekanyaga msumari. "Uzi wako wa saba umelegea," alimwambia mpigaji mmoja. Mpigaji yule alikuwa wa fidla, na fidla ina nyuzi nne.

Hapakuwa na mtu aliyepata kumwona yeye mwenyewe akigusa chombo chochote chenye sauti, isipokuwa honi ya gari.

Basi msimu wa baridi ulipoingia, mpwa wake, Muatasim, akatuma tangazo kwenye grupu la ukoo. Jumuiya moja ya wapenda sanaa ilikuwa inaandaa mkusanyiko wa nyimbo na ngoma za asili katika ukumbi mmoja Matrah, siku tatu, pamoja na warsha za kufundisha watu wazima vyombo: udi, ngoma, kanuni, na vyombo vingine vya mataifa. Chini ya tangazo watu wakaweka vidole gumba, mambo yakaelekea kuishia hapo. Ndipo akaibuka Kawthar, mke wa Bwana Muslim, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye kwenye grupu lile huandika tu mtu akifa. Aliandika: "Bwana Muslim atakwenda warsha ya kanuni. Nimeshamwandikisha."

Simu zetu zililia hadi betri zikaomba msaada. Dada yake Kawthar alimpigia kumuuliza ana nini.

"Sina kitu," Kawthar akasema. "Nnaisikia kanuni hii tangu siku niliyoolewa. Nnataka na mimi niisikie ikilia."

Bwana Muslim akatuma ujumbe wa sauti. Alisema hakuna tabu, atakwenda, ingawa mtu wa asili yake kwenda kufundishwa kanuni ni mambo ya kuchekesha kidogo, na huenda wakamwomba yeye awafundishe wao.

Wanafunzi walitakiwa waje na vyombo vyao. Sasa hapo ndipo penye kazi, kwa sababu kanuni hakuwa nayo, na kuuliza watu inapouzwa hakuweza. Mjukuu wa mpigaji ataulizaje? Akajifungia akaagiza kwa simu. Aliona picha ya kinanda bapa chenye nyuzi nyingi, kimelala mapajani mwa Mzungu mwenye ndevu, akakitaka. Boksi lilipofika akalifungulia sebuleni mbele ya mkewe, kwa madaha, kama daktari anayemtoa mtoto.

Kinanda kilikuwa kizuri, cha mbao inayong'ara. Ila juu ya nyuzi palikuwa na vibao vyeusi vimepangana kama ngazi, na kila kibao kina kitufe chenye herufi za Kizungu.

"Na hivi vitufe?" Kawthar akauliza.

"Vya kurahisisha."

"Babu alikuwa navyo?"

"Babu hakuhitaji kurahisishiwa," akajibu Bwana Muslim, akalifunga boksi.

Ukweli ni kwamba alichokinunua hakikuwa kanuni. Kilikuwa otohapu, chombo cha watu wa milimani huko Marekani. Ukibonyeza kitufe, kibao hushuka kikaziba nyuzi zisizotakiwa. Ukipitisha kidole, zile zilizobaki zinalia pamoja kwa kupatana. Bwana Muslim hakulijua hilo. Kwa wiki nzima alijifungia chumbani akizikwaruza nyuzi bila kugusa kitufe hata kimoja, kwa kuwa aliviona vitufe ni vya wasiojua. Kawthar anasema ilikuwa kama mtu anayemwaga vijiko kwenye ngazi.

Siku ya kwanza ya mkusanyiko ilianza kwa hotuba. Kila aliyetoa hotuba alisema asili inapotea, kisha akatoka kwenda kwenye halwa na kahawa. Watu walipiga picha na ngoma, wakapiga picha na waliopiga picha. Mpaka warsha zinaanza, nusu ya walinzi wa asili walikuwa wameshaondoka.

Warsha ya kanuni ilikuwa ya Buthaina, binti mmoja wa hapa hapa, wa watu wetu wa Unguja, aliyekwenda kusomea muziki Kairo akarudi na uso usiotaka mchezo. Wanafunzi wake walikuwa kama ishirini. Bwana Muslim alikaa mbele kabisa. Buthaina akapita akiwakagua, akafika kwake, akasimama.

"Ami, samahani. Hiki umekipata wapi?"

"Kwani vipi?"

"Hii si kanuni, ami."

"Ni ya kisasa."

"Hiki kinaitwa otohapu. Ni chombo kizuri, sikitukani. Lakini yeye na kanuni hawajuani hata kwa salamu."

Shingo zikarefuka. Mtu wa nyuma akainua simu. Bwana Muslim akakohoa, akasema kwa ile sauti aliyokuwa akiwapangia nayo mabalozi viti: "Chombo ni chombo. Mwenye mkono ana mkono."

"Basi tupigie kidogo," Buthaina akamwambia, na wala hakusema kwa ubaya. "Chochote tu."

Baridi ya kiyoyozi, alisema Bwana Muslim, imemkaza vidole. Buthaina akaokoa jahazi: kuna mwalimu wa otohapu hapa hapa ukumbini, chumba cha mwisho, karibu na jiko. Bwana Muslim akabeba boksi lake akatoka, akiwaambia waliokaa kando ya mlango kwamba anakwenda kuangalia kule kunakwendaje.

Mwalimu wa otohapu alikuwa Mkenya, jina lake Rachael, mwalimu wa muziki katika shule moja ya watoto Ruwi. Jumuiya ilimwalika ili kwenye tangazo lionekane neno "mataifa", kisha ikampa chumba ambacho kila mlango wa jiko ukifunguliwa kinanuka vitunguu. Viti vyake vilikuwa vile vidogo vya watoto, vilivyobaki kutoka shughuli nyingine. Wanafunzi wake wawili walikuwa Atieno, rafiki yake aliyemsindikiza, na bwana mmoja aliyekuwa anakwepa hotuba.

"Karibu, mzee wangu! Ala, umekuja na yako? Hii ni poa kushinda yangu," Rachael akasema. "Keti."

"Wapi?"

"Hapo kwa kiti."

Aliyewahi kumkalisha kila mkubwa mahali pake alijishusha kwenye kiti cha mtoto wa chekechea, magoti yakapanda mpaka kifuani. Rachael akamwekea kinanda sawasawa. "Sasa finya hiki kitufe. Usiachilie. Halafu pitisha kidole, toka hizi nyuzi nene mpaka hizi nyembamba."

Bwana Muslim akakwaruza.

"Usikune nazi, mzee. Pole pole. Kama unampapasa paka."

Akajaribu tena. Alibonyeza, akapitisha kidole taratibu, na nyuzi zikalia. Zililia pamoja, zimeshikana, sauti nene chini na nyembamba juu, ikajaa chumba kile cha vitunguu ikakawia kuondoka. Bwana Muslim akabaki kidole hewani. Maisha yake yote alikuwa anawaambia watu jinsi sauti nzuri inavyotakiwa iwe, na hii ndiyo ya kwanza kutoka mkononi mwake.

"Umeskia?" Rachael akamuuliza.

"Nimesikia," akasema. Atieno, ambaye ndiye aliyetuhadithia, anasema alikibonyeza tena kitufe kile kile bila kuambiwa.

Siku hiyo na ya pili alijifunza wimbo mmoja. Rachael alikuwa ameutunga kwa ajili ya wanafunzi wake wadogo, unahusu bata mwenye kikohozi anayekatazwa kuogelea, na unataka vitufe viwili tu. Bwana Muslim aliupiga mpaka ncha ya kidole ikamwiva. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka, na yule bwana mkwepa hotuba alipomchekea, alimjibu kwa adabu kwamba anamchelewesha.

Ingelikuwa ameishia hapo, tusingelikuwa na la kuhadithia. Lakini nyumbani Kawthar alimuuliza: "Haya, umejifunza nini?" Akajibu: "Wamenitaka niwafundishe. Nimewahurumia, nikakubali." Na kwenye grupu akatangaza kwamba siku ya tatu, siku ya kufunga, wanafunzi wote wataonyesha walichojifunza mbele ya jamaa zao, na yeye atapiga. Karibuni nyote, alisema. Tukaja sote. Alidhani tutaona uvivu!

Kawthar hakuja mikono mitupu. Alikuja na Bi Mazoon, shangazi yake Bwana Muslim, dada wa baba yake, bibi anayekaribia miaka tisini. Bi Mazoon hakuwahi kutoka Unguja mpaka msimu ule, alipoletwa Maskati kutibiwa macho, na kwa hivyo habari za kanuni ya baba yake mzazi hakuwa amezisikia hata siku moja. Masikio yake ni mazito, na kama watu wengi wenye masikio mazito, anadhani na sisi hatusikii.

Mshereheshaji akasimama akasoma maneno aliyoandikiwa na mhusika mwenyewe: sasa anakuja mjukuu wa yule mpiga kanuni mashuhuri wa Unguja, ambaye damu ya sanaa, na kadhalika, na kadhalika. Bwana Muslim akatoka, kilemba kimekaa barabara, akaketi, akapiga wimbo wa bata. Maneno yake alikataza yasiimbwe, watu wasije wakajua. Na tuseme haki: hakupiga vibaya. Alikosea kitufe mara moja, akarudi, akamaliza. Watu wakampigia makofi ya kweli.

Katikati ya makofi ikasikika sauti ya Bi Mazoon.

"Kasema babu yake nani?"

"Baba yako, bibi," Kawthar akamwambia sikioni. "Mpiga kanuni."

"Nani mpiga kanuni?"

"Baba yako."

"Baba yangu apige kanuni?" Bi Mazoon alishangaa kwa sauti ambayo Buthaina, aliyesimama mlangoni, aliisikia vizuri. "Baba yangu alikuwa akiwamwagia maji! Wapigaji wakikaa barazani chini ya dirisha letu, baba anachukua ndoo, anamwaga. Mpiga kanuni mmoja aliroa yeye na kanuni yake. Alipokuja kulalama, baba akamfukuza na bakora mpaka sokoni. Mtaa mzima walikuwa wanajua! Kanuni!"

Ukumbi ulipasuka. Mshereheshaji alijifunika uso kwa karatasi yake. Sisi, jamaa zake, ambao ilitupasa tuone haya, tulicheka kuliko wageni, na Muatasim ilibidi atoke nje ashike ukuta. Bwana Muslim alibaki amekaa na kinanda mapajani, mikono miwili juu yake, kama mtu anayemzuia mtoto asisikie. Kisha akakifunga kwenye boksi, akateremka.

Njiani kurudi nyumbani Kawthar alizima redio.

Usiku ule Bwana Muslim alijitoa kwenye grupu la ukoo. Baada ya siku chache akaomba arudishwe, na akarudi na ujumbe wa sauti mrefu. Alisema amefikiri sana. Babu yake, alisema, alikuwa na sikio kali mno, sikio la kipekee, na mtu mwenye sikio kama lile hawezi kuvumilia upigaji mbovu chini ya dirisha lake. Wale walimwagiwa maji na mjuzi. Muatasim akamjibu kwa picha ya ndoo. Halafu mwingine naye akaweka ndoo. Mpaka wakati wa kulala grupu zima lilikuwa ndoo tupu. Habari ya babu ikaishia pale, hatukuisikia tena.

Tukadhani na kinanda kimekwisha. Lakini ilipita kama miezi miwili, Kawthar akaanza kuona mambo. Kila Jumamosi baada ya alasiri, mumewe anaoga, anajifukiza udi, anavaa dishdasha mpya, anatoka. Akimuuliza wapi, ni Hamriya. Akimuuliza kuna nini Hamriya, ni shughuli. Anarudi magharibi imeingia, uso laini, anakula chochote bila kulalamikia chumvi. Hilo la chumvi ndilo lililomtisha Kawthar kuliko udi.

"Huyu kaoa," alimwambia dada yake. "Mwanamume wangu hali chakula bila kukikosoa. Kuna mtu anamfurahisha."

Jumamosi iliyofuata alipanda teksi akamfuata. Gari la mumewe alilikuta limeegeshwa mbele ya duka la fundi cherehani, na pembeni ya duka kuna ngazi. Kawthar akapanda. Alipofika nusu akasikia nyimbo na vifijo. Mpaka na wapigaji wa harusi wameleta, akajisemea. Akasukuma mlango.

Ndani palikuwa na Rachael, anaimba. Palikuwa na Atieno, anaitikia. Palikuwa na bwana mmoja mnene akitingisha kayamba. Na mkekani, miguu mitupu, kilemba kimewekwa juu ya friji, alikuwa Bwana Muslim na otohapu yake, anaviangalia vitufe kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Wimbo ukakatika.

"Yuko wapi?" Kawthar akauliza.

"Nani?"

"Mkeo!"

"Mke wangu si wewe?" Bwana Muslim akasema, na kwa mshangao aliokuwa nao, ilikuwa wazi hajadanganya.

Yule bwana wa kayamba akainuka kwa heshima. "Karibu, mama. Mimi naitwa Rufus. Huyu," akamwonyesha Rachael, "ni bibi yangu."

Kawthar akamtazama Rachael, ambaye hata mvi hana. "Bibi yako? Mzaa mama au mzaa baba?"

Ilichukua muda kumfahamisha kwamba kwa Wakenya bibi ni mke. Alipofahamu, Kawthar aliegemea mlango akamtazama mumewe, kuanzia nyayo mpaka kichwa kisicho na kilemba.

"Yaa Rabbi," akasema. "Afadhali ungeoa. Ningelijua la kuwaambia watu."

Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Atieno akamletea chai ya maziwa, akainywa huku anafuta machozi, na cheko lilipopungua akamuuliza mumewe kwa nini kujificha, na hivi ni vitu vya halali.

"Mlinicheka," Bwana Muslim akasema, akikitazama kinanda. "Ukumbi mzima."

"Tulicheka uwongo wako. Mkono wako nani aliucheka? Mkono wenyewe ndiyo kwanza tunausikia. Haya, piga."

Akapiga. Ulikuwa wimbo mwingine, wa vitufe vitano, na cha tano kidole kilikuwa kinakifikia kikiwa kimeshachelewa. Kawthar, mwalimu wa hesabu, hakuweza kustahimili. Akaanza kugonga kijiko kwenye kikombe, moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili.

"Umechelewa."

"Unanitoa, Kawthar."

"Umeshatoka siku nyingi. Rudi kwenye moja."

Tangu hapo wanakwenda wote. Kawthar aligundulika ana sauti, nzuri tu, nene, aliyoificha kwa miaka yote hiyo ya kumsikiliza mumewe akizungumza juu ya muziki; nafasi ya kuitumia hakuipata. Rachael anasema mzee si mwepesi, ila hachoki, na wanafunzi wasiochoka hajapata wengi. Mzee alipewa nafasi ya kujaribu kanuni ya kweli kwa Buthaina, akaishika kidogo, akairudisha, akasema nyuzi zake ni nyingi na hana umri wa kutosha kuzimaliza.

Mkusanyiko wa mwaka huu ulifanyika tena Matrah, kwa hotuba zile zile. Kati ya wale ishirini waliojipiga picha na kanuni zao mwaka jana, Buthaina amebakiwa na wawili. Chumba cha karibu na jiko kilijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Siku ya kufunga Bwana Muslim na Kawthar walipanda jukwaani pamoja. Mshereheshaji alitaja majina yao, basi. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili Kawthar akasahau maneno, akamgeukia mumewe akamwambia kampoteza kwa sababu kaenda mbio. Mumewe akasema hakwenda mbio. Kawthar akasema amehesabu. Wakabishana hapo hapo mbele ya watu, mke kiganja kiunoni, mumewe kidole bado kinapita juu ya nyuzi, kitufe kile kile, juu na chini, mpaka Rachael akapanda akawashika mikono akawaomba wakaendelee nje, maana kuna wengine wanasubiri zamu.